Kabla ya kumtia kijana adabu, tumwache alale

Si kitambo kirefu kilichopita niliketi mbele ya bodi ya usimamizi ya shule moja ya bweni humu nchini, nikimwakilisha dada yangu ambaye hakuweza kusafiri. Pembeni mwangu alisimama mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, ameinamisha kichwa. Usiku mmoja wa wiki iliyotangulia wanafunzi walikuwa wamezua fujo, wakavunja vioo vya madirisha ya bwalo na kung'oa mlango wa bohari. Mpwa wangu alikiri kwamba alirusha mawe mawili. Wanabodi walimwuliza ni nani aliyewachochea, ni nani aliyekuwa na simu, ni mwalimu gani aliyewapa kichwa. Hatimaye mwenyekiti akamtupia swali ambalo kila mzazi amewahi kuliuliza: "Ulikuwa ukifikiri nini?" Kijana akajibu kwa sauti ya chini, "Mzee, sikuwa nikifikiri."

Jibu hilo lilichukuliwa kuwa ufidhuli, likamwongezea wiki mbili za kukaa nyumbani. Tulipokuwa njiani kurudi nilimwuliza, pasi na hasira, huwa analala saa ngapi. "Mjomba, prepu hukwisha saa nne na nusu. Kufika saa tano usiku taa huzimwa. Kengele ya kuamka hulia saa kumi alfajiri." Nikahesabu kwa vidole. Saa tano za usingizi, siku sita kwa wiki, miezi mitatu kwa muhula. Katika kikao kile kilichochukua takribani saa tatu, hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyekuwa ameuliza swali hilo.

Nimelifikiria jibu la mpwa wangu tangu siku hiyo, na nimefikia uamuzi kwamba lilikuwa kweli tupu. Ninaamini pia kwamba sisi watu wazima tumejenga shule ambazo ratiba yake hupigana na maumbile ya kijana, kisha tunashangaa maumbile yanapojibu. Naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini nasema hivyo, maana jambo hili halihitaji hasira bali maarifa.

Tumezoea kuitazama tabia ya mtu kana kwamba inatoka moyoni, mahali pasipoonekana, nayo ni nzuri au mbaya kwa jinsi alivyolelewa. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini malezi hayo hayaelei hewani. Yanakaa ndani ya kiungo chenye uzani wa takribani kilo moja na nusu, kilichoundwa kwa seli za neva zipatazo bilioni 86, ambacho hutumia karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zote za mwili ilhali uzito wake haufiki hata sehemu moja kwa thelathini ya uzito wa mtu mzima. Ubongo hupeleka amri zake kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni neva, ambazo zilizo za kasi kabisa husafirisha ujumbe kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Njia ya pili ni homoni, ambazo humwagwa katika damu na kwenda polepole, lakini athari yake hudumu.

Tuchukue mfano wa mtu aliyeshtuliwa gizani. Kabla hajatambua kama ni nyoka au kamba, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala imekwisha kupiga mbiu. Tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza. Baada ya dakika chache hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huuweka mwili katika hali ya tahadhari kwa muda mrefu zaidi. Haya yote hutangulia fikra. Fikra hufika baadaye, kutoka sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, nayo ndiyo husema: ngoja, tazama vizuri, hiyo ni kamba tu.

Umuhimu wa sehemu hiyo ya mbele ulianza kujulikana kwa ajali. Tarehe 13 Septemba mwaka 1848, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba. Baruti ikalipuka, na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja ukapenya chini ya shavu lake la kushoto na kutokea utosini. Gage hakufa. Alizungumza, akatembea, kumbukumbu yake ikabaki. Lakini daktari wake, John Martyn Harlow, aliandika kwamba mtu huyo aliyekuwa mtulivu na mwenye mipango alikuwa sasa mwenye matusi, papara na kigeugeu, hata rafiki zake wakasema hakuwa tena Gage. Hakuna aliyemlea upya. Chuma kilikuwa kimeharibu sehemu ya ubongo inayoshika lijamu.

Sasa basi, kijana wa miaka kumi na sita hajapigwa na mtaimbo wowote. Tatizo lake ni kwamba lijamu yenyewe haijakwisha kusukwa. Wanasayansi waliowapima watoto wale wale kwa miaka mingi wamethibitisha kuwa ubongo hukomaa kuanzia nyuma kwenda mbele, na kwamba sehemu hiyo ya paji la uso ndiyo huwa ya mwisho, ikiendelea kujengeka hadi mtu apitapo miaka ishirini na kitu. Wakati huo huo balehe imeshaamsha homoni, na ile mitambo ya ubongo inayotafuta raha, sifa na msisimko imo katika kilele cha nguvu zake. Ni gari lenye injini mpya na breki ambazo fundi bado anazifunga.

Jaribio moja linafaa kuelezwa hapa, kwa kuwa linagusa moja kwa moja yale tuyaonayo katika mabweni yetu. Mwaka 2011, Laurence Steinberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Temple nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti ambapo vijana na watu wazima walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, huku ubongo wao ukipigwa picha. Vijana walipocheza peke yao, hawakujihatarisha kupita kiasi kuliko watu wazima. Walipoambiwa kwamba rafiki zao wanawatazama kutoka chumba cha pili, sehemu za ubongo zinazohusika na raha zikachemka, nao wakaanza kupita taa nyekundu. Watu wazima hawakubadilika, watazamwe wasitazamwe. Kijana yule yule, akili ile ile, ila ameongezewa macho ya wenzake. Nasi huwaweka vijana mia moja na zaidi katika bweni moja, kisha tunauliza ni nani mchochezi!

Hata hivyo, nisingependa msomaji atoke hapa akidhani kwamba homoni ni mashetani mapya ya kupungwa. Nimewasikia walimu wakisema, "Hao si watu, ni homoni tu." Hilo nalo ni kosa. Mwaka 2010, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Zurich nchini Uswisi waliwapa wanawake testosteroni, homoni ambayo kila mtu huishutumu kwa ugomvi, kisha wakawataka wagawane fedha na wenzao. Waliopewa homoni hiyo waligawa kwa haki zaidi. Waliogawa kwa uchoyo ni wale walioamini kwamba wamepewa, hata kama hawakuwa wamepewa. Homoni husukuma, lakini mahali mtu aendapo huamuliwa pia na mazingira, mazoea na yale anayoyaamini juu ya nafsi yake. Ukimwambia kijana kila kukicha kwamba yeye ni mnyama, usistaajabu akinguruma.

Nirejee kwenye usingizi, kwani hapo ndipo penye kiini cha shutuma yangu. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umewadia. Mary Carskadon, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani, ni miongoni mwa waliobainisha kwamba wakati wa balehe saa hiyo ya mwilini husogea mbele. Homoni huchelewa kutoka jioni na huchelewa kuondoka asubuhi, kwa muda unaoweza kufika saa mbili. Kwa hiyo kijana anayekodoa macho saa nne za usiku na kulala fofofo saa kumi na moja alfajiri haonyeshi uvivu. Anatii saa aliyopewa na Muumba wake. Wataalamu wa usingizi wanashauri kwamba mtu wa miaka 13 hadi 18 alale saa nane hadi kumi kila siku. Mpwa wangu hupata tano.

Ukimnyima usingizi, unamnyima nini? Kwanza unamnyima yale masomo yenyewe, maana usiku ndipo ubongo huyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Mwalimu anayemwamsha mwanafunzi saa kumi ili akariri zaidi ni sawa na mkulima anayeng'oa mbegu kila asubuhi kuona kama imeota. Pili, unamnyima lijamu. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani waliwakesha vijana usiku na mchana kwa takribani saa 35, kisha wakawaonyesha picha za kuchukiza. Amigdala zao ziliruka kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko za wenzao waliolala, na uhusiano baina ya amigdala hizo na sehemu ya mbele ya ubongo ukadhoofika. Kwa lugha ya bwenini ni kwamba hasira iliongezeka, na anayesema "ngoja kwanza" akanyamaza. Wanafunzi wetu hawakeshi saa 35 mfululizo, lakini hupunjwa usiku baada ya usiku, na deni hilo hukua kama riba ya mkopeshaji wa sokoni.

Taifa hili limelipa gharama kubwa kwa kutofahamu mambo ya mabwenini. Machi mwaka 1998, moto katika shule ya wasichana ya Bombolulu, Kwale, uliwaua wasichana zaidi ya ishirini. Machi mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos, moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. Mwaka 2016, shule zaidi ya 100 zilichomwa katika kipindi cha miezi michache. Septemba mwaka 2017, wasichana kumi walipoteza maisha katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Tume zimeundwa, ikiwemo ile iliyoongozwa na Naomi Wangai mwaka 2001 na ile ya Claire Omolo mwaka 2016. Ripoti zimeandikwa, zikasomwa, zikafungiwa kabatini.

Sidai, na ningekuwa mpuuzi kudai, kwamba usingizi pekee ungeyazuia maafa hayo. Wanafunzi waliohojiwa na watafiti wametaja chakula kibovu, mitihani ya mwigo inayowatia kiwewe, viranja wanaowaonea, na zaidi ya yote kutosikilizwa. Wengi wamesema waziwazi kwamba wameona mkuu wa shule husikiliza baada ya moto, si kabla. Hayo ni malalamiko ya watu wenye akili, wala si ya homoni. Ninachosema ni kwamba lalamiko lile lile, likiwa ndani ya ubongo uliopumzika, laweza kuwa barua kwa mwalimu mkuu. Likiwa ndani ya ubongo uliolala saa tano, saa tano usiku, mbele ya macho ya wenzake mia moja, laweza kuwa jiwe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sheria tunayo. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaeleza bila kificho kwamba katika shule za bweni masomo ya darasani yaanze saa mbili asubuhi na kukoma saa tisa na nusu alasiri, prepu iwe baina ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu usiku, na wanafunzi walale kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu, ndani kabisa ya kiwango wanachokitaja wataalamu. Aliyeziandika kanuni hizo alijua alichokifanya. Mwalimu mkuu anayepiga kengele saa kumi alfajiri anavunja kanuni za nchi, ilhali kijana anayesinzia darasani saa tano baadaye ndiye anayeitwa mvunja kanuni. Mtaala umebadilishwa, majina ya madarasa yamebadilishwa, sare zimebadilishwa. Kengele haijabadilishwa.

Wengine wamechukua hatua. Mwaka 2016, mji wa Seattle nchini Marekani ulisogeza mwanzo wa masomo ya shule za upili kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo asubuhi, na watafiti wakapata kwamba wanafunzi walilala zaidi ya nusu saa ya ziada kila siku ya masomo. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 2019, iliyoanza kutumika mwaka 2022, kwamba masomo katika shule nyingi za upili za umma yasianze kabla ya saa mbili na nusu. Wao walihitaji sheria mpya. Sisi tunahitaji kuitii ya zamani.

Najua yatakayosemwa. Mzee mmoja rafiki yangu ameniambia tayari: "Sisi tuliamka jogoo wa kwanza tukakama ng'ombe, tukatembea maili tano hadi shuleni, na hatukuchoma chochote." Ni kweli, lakini mzee huyo amesahau nusu ya pili ya habari. Jogoo wa kwanza alimkuta amelala tangu giza lilipotanda, kwani hapakuwa na taa ya umeme wala prepu ya saa nne usiku. Alirauka mapema kwa sababu alilala mapema. Sisi tumechukua alfajiri ya wazee tukaiunga na usiku wa mjini, tukamkabidhi mtoto zote mbili.

Wengine watasema kwamba nawatafutia wahalifu kisingizio. La hasha! Kueleza si kusamehe. Vijana 67 wa Kyanguli hawakufufuka kwa sababu wauaji wao walikuwa wadogo. Mpwa wangu amelipa vioo kwa kibarua cha likizo nzima, nami ndiye niliyesisitiza alipe. Sheria yetu yenyewe imekubali kwamba umri una uzito: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka minane hadi kumi na miwili. Kuelewa jinsi ubongo unavyokua hakufuti wajibu. Kunaonyesha kwamba wajibu una wenyewe wengi, na kwamba mtu mzima aliyepanga ratiba ni mmoja wao.

Na hapa lazima nijikosoe mwenyewe. Katika ujana wangu nilifundisha kwa miaka michache, kabla ya kiboko kupigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Palikuwa na mvulana aliyeketi dirishani, aliyesinzia kila kipindi cha kwanza. Nilimwita mvivu mbele ya darasa zima. Nilimcharaza, nikamsimamisha kwa goti moja, nikaandika katika ripoti yake kwamba hana bidii. Baada ya kila kiboko alikuwa macho kwa dakika kumi, nami nikidhani nimemrekebisha. Sasa najua kwamba nilichokiamsha ni adrenalini tu, na kwamba somo nililomfundisha katika dakika kumi hizo lilikuwa kuniogopa. Nilikuwa nikimwadhibu kwa kazi ya ubongo wake. Sikumwuliza hata siku moja amelala saa ngapi.

Yule Gage niliyemtaja awali ana sehemu ya pili katika hadithi yake ambayo aghalabu husahauliwa. Miaka michache baada ya ajali alikwenda Chile, akafanya kazi ya kuendesha magari ya abiria yakokotwayo na farasi, kazi inayotaka uangalifu na saa maalumu kila siku. Wachunguzi wa siku hizi huona katika habari hiyo dalili kwamba ratiba thabiti na kazi yenye mpango zilimsaidia kujirudi. Ikiwa ubongo uliotobolewa na chuma ulipata nafuu kwa utaratibu mwema, sembuse ubongo wa mtoto wetu ulio mzima, ambao bado unajengwa!

Kwa hiyo naitaka Wizara ya Elimu itume wakaguzi wake mabwenini, si saa nne za asubuhi chai inapoandaliwa, bali saa kumi alfajiri kengele inapolia. Nawataka wakuu wa shule waache kushindana kwa urefu wa siku na waanze kushindana kwa ubora wa saa. Nazitaka bodi zote, kabla ya kumwuliza mwanafunzi ni nani aliyemchochea, zimwuliza kwanza alilala lini, alikula nini, na malalamiko yake aliyapeleka kwa nani yasisikike. Na wazazi wenzangu, sisi tunaosifu shule kwa kuwaamsha watoto mapema, tujue kwamba tunanunua alama kwa sarafu ya afya yao, na mara nyingi hata alama hizo hatuzipati.

Samaki hukunjwa angali mbichi, ndiyo, lakini mvuvi mwenye busara humkunja bila kumvunja. Mpwa wangu amerudi shuleni. Juzi dada yangu alipiga simu kumjulia hali. Kengele, alisema, bado inalia saa kumi.